Kurekodi udi na sauti chumbani: tatizo ni maikrofoni au ni chumba?

SWALI: Mwanagenzi wa Ngamiani

Salaam kwenu nyote. Ninaomba msaada wa wenye uzoefu wa kurekodi muziki nyumbani, kwa sababu nimejaribu kwa wiki tatu bila ya kupata matokeo ninayoyataka, na sipendi kutumia fedha nyingine kabla ya kuwasikiliza waliotangulia.

Mjomba wangu ana umri wa miaka 71 na amepiga udi tangu ujana wake katika vikundi vya taarabu hapa Tanga. Vidole vyake vingali vyepesi, hasa asubuhi, lakini akipiga kwa zaidi ya saa moja mkono wa kulia huanza kumuuma, na mwaka huu amesema mwenyewe kwamba angependa nyimbo anazozijua zihifadhiwe wakati bado anaweza kuzipiga vizuri. Mimi ndiye mwimbaji. Tumekubaliana kurekodi nyimbo kumi na mbili kwa udi na sauti, na katika tatu kati ya hizo tungependa kuongeza dumbaki, ile ngoma ndogo ya kupigwa kwa mikono.

Chumba chetu ni cha futi 10 kwa 10. Kuta ni za tofali za saruji zilizopigwa lipu, sakafu ni ya marumaru, na juu ni bati tupu lisilo na dari. Tumekitoa kitanda na kabati ili tupate nafasi. Mjomba huweka kiti chake katikati kabisa, chini ya taa, nami husimama karibu na mlango. Ukuta ninaoutazama ninapoimba nimeubandika trei za mayai kutoka juu hadi chini, kwa kuwa ndivyo nilivyoona katika studio kadhaa za mtaani. Vifaa nilivyonavyo ni kompyuta mpakato yenye programu ya kurekodi ya Reaper, kadi ya sauti ya nje yenye matundu mawili ya maikrofoni, maikrofoni moja ya kondensa inayohitaji umeme wa volti 48, maikrofoni nyingine ya Shure SM58 niliyoazimwa na rafiki, na hedifoni mbili.

Tukisikiliza tulichorekodi, sauti yangu inakuwa kama ya mtu aliyeko bafuni. Udi nao una noti moja katika nyuzi nene ambayo inavimba na kuzifunika nyingine zote, ilhali mjomba anasema, nami ninamwamini, kwamba akiupigia udi huohuo barazani noti hiyo haina kasoro yoyote. Nyuma ya yote kuna mvumo mdogo usiokatika. Halafu liko jambo linaloniumiza zaidi. Ili kupata usafi tumekuwa tukirekodi udi kwanza, kisha mimi naimba juu yake nikiwa na hedifoni, na sauti yangu inarudi masikioni ikiwa imechelewa kidogo. Hata pale nilipofanikiwa kwenda na wakati, wimbo ulikuwa sahihi lakini hauna uhai, na mjomba alinyamaza kimya alipousikiliza.

Muuza vifaa mmoja wa mjini ameniambia kwamba dawa ni kununua maikrofoni ya kondensa ya bei kubwa, mara tano ya hii niliyonayo. Je, nifuate ushauri huo, au liko jambo ninalolikosea?

JIBU LA 1: Fundi Mitambo

Ndugu Mwanagenzi, nimefanya kazi ya kurekodi kwa miaka mingi, kwanza redioni na baadaye katika chumba cha nyumbani kwangu kisicho kikubwa kuliko chako, na ninakuomba usinunue maikrofoni hiyo kwa sasa. Maikrofoni ya bei kubwa itakusikilizisha bafu lako kwa ufasaha zaidi. Kati ya mambo uliyoyaeleza, sioni hata moja linalosababishwa na maikrofoni yenyewe.

Anza na mwangwi. Simama katikati ya chumba hicho kitupu upige kofi moja kali, nawe utasikia mlio mfupi unaotetemeka kama waya, kwa sababu sauti inadunda kati ya kuta mbili zinazotazamana na kila safari ya kwenda na kurudi inachukua kiasi cha milisekunde 17 au 18. Mlipokitoa kitanda na kabati mliondoa vitu viwili vilivyokuwa vikiwasaidia kuliko kitu kingine chochote nyumbani: godoro na nguo zilizojaa. Virudisheni. Sauti hunywewa na kitu chenye unene na vinyweleo ambamo hewa inaweza kupenya, ikahangaika ndani yake na kupoteza nguvu. Trei ya mayai ni karatasi nyembamba. Hutawanya kidogo sauti za juu, zile za "s" na "sh", na huiacha sehemu kubwa ya sauti ya binadamu ikirudi kama ilivyokwenda. Zaidi ya hayo hushika moto upesi, na chumba chenye nyaya za umeme si mahali pake. Zibandue.

Pili, fikiria maikrofoni inatazama wapi. Aina hizi zote mbili ulizonazo kwa kawaida husikia zaidi upande wa mbele na husikia kidogo sana upande wa mgongo. Unapoimba, maikrofoni inakutazama wewe, kwa hiyo inautazama pia ukuta ulio nyuma yako. Huo ndio ukuta wa kwanza kuvikwa, lakini wewe umeuvika ule ulio mbele yako na nyuma yako ukauacha mlango mtupu. Simamisha godoro mgongoni kwako, lingine mgongoni kwa mjomba, na tandika zulia au mikeka miwili mitatu juu ya marumaru. Godoro la sponji likiwa na mfuko wa nailoni, uvue mfuko huo kwanza. Ukiwa na godoro la sufi la kizamani, hilo ni hazina. Halina haja ya kununuliwa mbadala.

Baadaye ukitaka kitu cha kudumu, mwambie seremala akutengenezee fremu za mbao za futi 2 kwa 4 zenye kina cha sentimita 10, uzijaze sufi, pamba au nguo kuukuu zilizolegezwa, kisha uzifunike kwa kanga. Kitambaa kinachofaa unakijua kwa kukiweka mdomoni na kupuliza: pumzi ikipita, sauti nayo itapita. Usizigandamize ukutani, ziache zikae mbali na ukuta kwa sentimita 10 nyingine, kwa sababu nafasi hiyo ya hewa huziwezesha kunywa sauti nzito zaidi bila ya gharama yoyote.

Sasa ile noti inayovimba. Hiyo siyo kasoro ya udi, na mjomba wako ana haki ya kuutetea. Futi 10 ni mita 3.05, na chumba cha urefu huo hupenda kuvuma katika masafa ya hezi 57, yaani mitetemo 57 kwa sekunde, na vizidisho vyake, yaani 114, 171 na kuendelea. Chumba chako kina urefu uleule pande zote mbili, kwa hiyo mvumo wa urefu na mvumo wa upana unaangukia palepale na kuongezeana nguvu. Hezi 114 iko kati ya noti ya A, ambayo ni 110, na ile ya nusu hatua juu yake, ambayo ni kama 116.5, mwambie mjomba akupigie noti inayovimba na sitashangaa ikiwa mojawapo ya hizo mbili au jirani yao. Na mahali ambapo mvumo wa hezi 114 una nguvu kuliko popote, ukiacha kandokando ya kuta, ni katikati kabisa ya chumba, palepale mlipoweka kiti. Godoro halitauondoa, kwa sababu wimbi la masafa hayo lina urefu wa mita tatu na godoro halina hata nusu ya futi. Dawa yake ni kukihamisha kiti. Kiweke kwenye theluthi ya chumba, umbali wa mita moja hivi kutoka ukutani, na kigeuze kidogo ili mjomba asitazame ukuta moja kwa moja. Mwambie aipige noti ileile huku wewe ukikisogeza kiti na maikrofoni kwa shubiri moja moja, ukisikiliza kwa hedifoni. Utapasikia mahali ambapo noti ile inakaa sawa na wenzake. Chora alama ya chaki sakafuni.

Kuhusu umbali: ukiipunguza nafasi kati ya mdomo na maikrofoni kwa nusu, sauti yako halisi huongezeka kwa kiasi cha desibeli 6 huku mwangwi wa chumba ukibaki karibu vilevile. Shubiri moja kutoka mdomoni inatosha kwako. Kwa udi, weka maikrofoni sentimita 25 hadi 30 mbali, uielekeze pale shingo inapokutana na mwili wa udi. Usiielekeze kwenye tundu kubwa, kwani hapo utapata besi nyingi yenye matope na utaukosa mguso wa risha, kile kipigio cha nyuzi, juu ya uzi, ambao ndio unaomtambulisha mpigaji.

Rekodi kwa biti 24 na kilohezi 48, na usikimbilie kuijaza mita ya kiwango cha sauti katika programu. Pale mjomba anapopiga kwa nguvu zaidi, kilele kikifika desibeli 10 chini ya sifuri, umefanya vizuri.

JIBU LA 2: Sokoni Electro

Fundi Mitambo ameyamaliza ya chumba, nami nitaongeza mawili ya umeme kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Mvumo usiokatika kwa kawaida ni wa umeme wa nyumba, ambao kwetu ni hezi 50, na mara nyingi unachoingia nao ni chaja ya kompyuta yenye plagi ya pini mbili isiyo na waya wa ardhi. Jaribu hivi: anza kurekodi ukiwa kimya, kisha ichomoe chaja kompyuta ikiwa inaendelea. Mvumo ukikatika, umempata mwizi, na tangu hapo rekodi kwa betri tu. Hilo litakukinga pia na kukatika kwa umeme katikati ya wimbo. Usikate tamaa ikiwa mvumo utabaki. Sogeza waya za maikrofoni mbali na waya za umeme, zima taa yenye swichi ya kupunguzia mwanga, na simu zote zipelekwe chumba kingine. Lakini tafadhali sana, usikate wala usizibe pini ya ardhi ya kifaa chochote ili kuondoa mvumo. Nimeona watu wakifanya hivyo. Pini hiyo ipo ili usiuawe na umeme siku ya hitilafu.

Kuchelewa kwa sauti hedifonini kunatokana na akiba (buffer) ambayo kompyuta hujiwekea kabla ya kuichakata sauti. Ukiikuta imewekwa sampuli 1024 kwa kilohezi 48, hiyo ni zaidi ya milisekunde 21 kwa njia ya kwenda peke yake, kana kwamba mwenzako anakupigia akiwa mita 7 kutoka ulipo, na bado kuna njia ya kurudi. Ishushe hadi 128, ambayo ni chini ya milisekunde 3. Kompyuta ikilemewa na kuanza kutoa milio ya kukatikakatika, panda hadi 256. Pia angalia kadi yako ya sauti: nyingi zina kitufe kinachokuruhusu kujisikia moja kwa moja kabla sauti haijaingia kwenye kompyuta, na ukikitumia hicho kuchelewa hakupo kabisa.

Jambo la mwisho, SM58 ni chombo kizuri tangu kilipotolewa mwaka 1966, na haihitaji zile volti 48. Tena watu husema kwamba haisikii chumba kama kondensa inavyosikia, basi nakushauri uimbie hiyo.

JIBU LA 3: Msikilizaji wa Kibokoni

Mwanangu Mwanagenzi, nakusalimu kutoka Mombasa, na umfikishie mjomba wako salamu zangu, kwani wapigaji wa umri wake ni wachache sasa.

Wenzangu wamekujibu ya ufundi na sina la kuwapinga, ila wamelipita lile uliloliita jambo linalokuumiza zaidi. Wimbo wenu hauna uhai kwa sababu mmeutenganisha. Katika taarabu udi haumpigii mwimbaji msingi ili yeye apande juu yake. Udi unamngoja, unamjibu, unamwazima noti na kumpokea anaposhuka. Mwimbaji akivuta neno nusu pumzi zaidi ya jana, mpigaji naye anavuta. Ukimtaka mjomba wako apige peke yake kwa hedifoni na mdundo wa mashine sikioni, umemwambia azungumze na mtu ambaye hayupo, na mwenye adabu ya kazi yake atapiga sawasawa na kunyamaza, kama alivyofanya.

Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Unguja, na wenzake walipovuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, waliimba na kupiga kwa pamoja, wimbo mzima kwa pumzi moja, kwa kuwa hapakuwa na namna ya kurekodi kipande leo na kingine kesho. Uso mmoja wa santuri ulichukua kiasi cha dakika tatu, na aliyekosea alianza upya. Uzani wa vyombo ulipatikana kwa kumsogeza mtu mbele au nyuma. Mimi ningewashauri mfanye vivyo hivyo: maikrofoni moja, ninyi wawili mbele yake, na mjipange kwa hatua mpaka sauti na udi vilingane.

Na unapoimba, yachunge maneno. Lugha yetu ya pwani ina herufi zinazotoka na pumzi na zisizotoka na pumzi. Paa la nyumba na paa wa mwituni hayatamkwi sawa kinywani mwa mtu wa Mvita, na huyu wa mwituni ndiye anayeipuliza maikrofoni. Usiiue pumzi hiyo ili kuiridhisha mashine. Isogeze maikrofoni kidogo pembeni mwa mdomo, iwe usawa wa kona ya mdomo na si mbele yake, na mbele ya maikrofoni tungika soksi nyembamba ya kike iliyovutwa kwenye waya wa kutungikia nguo. Pumzi itapita kando, na neno litafika zima.

JIBU LA 4: Fundi Mitambo

Mzee wa Kibokoni amesema kweli, nami nakiri kwamba nililipita jambo hilo kwa kuona wingi wa matatizo ya chumba. Rekodini pamoja. Ila kwa heshima yake, nisingetumia maikrofoni moja katika chumba hiki. Maikrofoni moja iliyowekwa mbali kiasi cha kuwasikia wawili itasikia pia chumba, na chumba hiki bado hakijastahili kusikika. Tena mjomba akichoka mapema, hamtakuwa na muda wa kutafuta mizani kwa kujisogeza mara kumi.

Kaeni mkitazamana, magoti yenu yakiwa kiasi cha mita moja na nusu mbali. Kila mmoja awe na maikrofoni yake karibu, na mgongo wa kila maikrofoni uelekee kwa mwenzake. Kwa namna hiyo maikrofoni ya udi itakuwa kiziwi kwa sauti yako kwa kadiri inavyowezekana, na ya kwako itakuwa kiziwi kwa udi, huku ninyi mkionana macho. Kipimo cha kukumbuka ni hiki: ikiwa maikrofoni ya udi iko sentimita 25 kutoka kwenye udi, basi yako iwe umbali wa mara tatu hiyo au zaidi kutoka kwenye udi huo, yaani sentimita 75 kwenda juu. Bado kila moja itamsikia mwenzake kidogo, na hilo lisikutie hofu. Kidogo hicho ndicho kitakachozifanya sauti mbili ziwe za chumba kimoja. Hasara yake ni kwamba hutaweza kurekebisha kosa la mmoja bila ya kumgusa mwingine. Kwa hiyo rekodini kila wimbo mara tatu mzima, na mkikosea ubeti rudieni ubeti wote, kisha mchague.

Ndugu wa umeme aniwie radhi kwa sahihisho moja. SM58 huonekana kutosikia sana chumba si kwa sababu ya aina yake, bali kwa sababu watu huishika karibu na mdomo. Ukiiweka kondensa umbali uleule, nayo itasikia chumba karibu sawa. Nakubaliana naye, hata hivyo, kwamba aimbie SM58, lakini kwa sababu nyingine: udi ni chombo cha sauti ya chini na chenye mguso mwembamba, na unaihitaji zaidi kondensa.

MREJESHO: Mwanagenzi wa Ngamiani

Walimu wangu, nimekaa siku tisa bila ya kuandika kwa sababu nilitaka nije na matokeo.

Chaja ilikuwa ndiyo yenye mvumo. Niliichomoa wakati wa kurekodi, na ule mstari mnene uliokuwa ukionekana katika programu hata tukiwa kimya ukawa uzi. Trei nimezibandua zote, na lipu imetoka nazo vipande vipande, jambo ambalo nitalieleza kwa mwenye nyumba. Tumelirudisha godoro letu la sponji, na bibi ametuazima lake la sufi, ambalo limesimama sasa nyuma ya kiti cha mjomba likiwa limeegemezwa kwenye meza. Nilipopiga kofi baada ya hapo, ule mlio wa waya haukuwepo.

Noti ilikuwa A. Nilimweleza mjomba hesabu ya mita na masafa. Alisikiliza kwa makini sana, kisha akaipiga noti hiyo tena na tena kwa muda wa robo saa huku nikikisogeza kiti, mpaka yeye mwenyewe akasema "hapa", kabla sijasema mimi. Chaki imechorwa. Ni mita moja na sentimita kumi kutoka ukuta wa kaskazini.

Kutazamana kumebadilisha kila kitu. Tumekwisha kurekodi nyimbo nne, na katika ya pili kuna mahali ambapo nilisahau kuingia, mjomba akauzunguka mstari mara moja zaidi akiningoja, na hapo ndipo ninapopapenda kuliko pote. Alipousikiliza hakunyamaza safari hii. Aliomba turudie, akasikiliza tena, akaulizia habari ya wimbo wa tano.

Shida iliyobaki ni saa. Mkono wake ni mzuri asubuhi, lakini asubuhi kuna bodaboda na kunguru, na jioni jua linapopungua bati hupoa na kualika juu ya vichwa vyetu. Tumekuwa tukianza baada ya sala ya alfajiri na tunapata kama dakika arobaini za utulivu kabla kunguru hawajaamka. Je, yapo magodoro ya kuwazuia? Na dumbaki tuiweke wapi, nami nina matundu mawili tu?

JIBU LA 5: Fundi Mitambo

Hongera sana kwako na kwa mjomba.

Hapana, godoro halitawazuia kunguru. Kunywa sauti iliyomo chumbani na kuzuia sauti ya nje ni kazi mbili tofauti. Ya kwanza hufanywa na vitu laini. Ya pili hufanywa na uzito usio na mwanya, yaani kuta nene, dari nzito na mlango unaoziba pande zote, na kwa nyumba yenye bati tupu hiyo ni kazi ya ujenzi. Dakika zenu arobaini za alfajiri ni bora kuliko chochote mtakachonunua. Ili msizipoteze, tayarisheni kila kitu usiku: stendi za maikrofoni kwenye alama zake, betri imejaa, feni imezimwa. Udi nao ulazwe chumbani humohumo ili uzoee unyevu wake, ukaguliwe nyuzi kabla ya sala, kwa sababu hewa ya pwani huulegeza na kuukaza upendavyo. Kondensa yako usiiache wazi usiku; irudishe kwenye kiboksi chake pamoja na vile vijipakiti vya kukausha unyevu.

Dumbaki ndicho kitu pekee ambacho ningekirekodi baadaye, kwa kuwa katika nyimbo hizo tatu inafuata na haiongozi. Hata hivyo mpigaji awepo siku ya kurekodi udi na sauti, akae pembeni na kuupiga mdundo kwa vidole juu ya paja lake, ili nyote watatu muwe na wakati mmoja. Atakapopiga dumbaki yenyewe, weka kondensa mita moja mbali naye, juu kidogo ya usawa wa ngozi, na ushushe kiwango kabla hajaanza, kwa sababu pigo la ukingoni ni kali kuliko linavyodhaniwa.

Kila siku mkimaliza, nakili kazi katika diski mbili, na moja isilale nyumba hiyo.

JIBU LA 6: Msikilizaji wa Kibokoni

Nimeisoma habari ya mstari uliozungukwa mara mbili nikafurahi. Usiukate.

Nina ombi moja kwa nyimbo nane zilizobaki. Mkishaanza kurekodi, kabla ya noti ya kwanza, mwache mjomba wako aseme kwa sauti yake jina la wimbo, alijifunza kwa nani, na nyuzi za udi amezifunga vipi siku hiyo. Haichukui hata nusu dakika, na mkono wake hautachoka kwa hilo. Zile nne mlizokwisha kurekodi, mrekodi akiyasema hayo peke yake, akiwa kwenye kiti kilekile na maikrofoni palepale, kisha uyaunganishe mbele ya kila wimbo.